Mwenye Kiwanja Yu Hai

11 Februari 1991

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pokea mbili, moja yako na nyingine umpelekee Baba hapo barazani, ila umwamkie kwa sikio la kulia, maana la kushoto lilistaafu kabla yeye hajaacha kuendesha malori. Mimi ni mzima. Nimepata chumba karibu na kazini, mlango wake unalalamika ukiufungua na unalalamika ukiufunga. Mashati uliyonishonea yameniletea sifa nisizostahili. Karani mkuu ameniuliza fundi wangu ni nani, nikamwambia kaa mbali, ana mdomo.

Wameniweka masijala, chumba cha chini, panapotunzwa vitabu vya ardhi vya zamani. Ukifungua kimoja unapiga chafya mpaka unatoa machozi. Mkuu wangu tunamwita Mzee wa Lenzi, kwa sababu hatembei bila kile kioo chake cha kukuzia. Kazi yake kwa miaka thelathini ni moja tu: kulinganisha alama za vidole. Anasema mtu atakudanganya kwa mdomo, kwa kilio, hata kwa muhuri, lakini kidole gumba hakijafundishwa uongo.

Sasa sikiliza. Imeamriwa viwanja vyote vya zamani viandikishwe upya kabla Desemba haijaisha, na kisichoandikishwa kitahesabiwa hakina mwenyewe. Cha nyumba yetu kina jina lako tangu ulipokuwa mtoto, kwa hiyo anayetakiwa ni wewe, si Baba. Ndani ya bahasha kuna fomu. Weka kidole gumba cha kushoto kwenye kisanduku kile cha chini, unirudishie, mengine niachie mimi. Wewe una mtoto karani, utahangaika na foleni kwa nini?

Mwanao

3 Machi 1991

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na sikio la kulia la baba yako limezipokea kwa heshima zote. Ameuliza mara tatu kama unakula. Nimemjibu mara tatu. Sisi wazima, ila mashine yangu imeanza kukata uzi, na kuna binti wa watu anaolewa mwezi ujao, kila akija kupima kiuno kimeongezeka, na kila nikimwambia ananitazama kama niliyekiongeza ni mimi.

Fomu hiyo hapo, nimeweka kidole. Na huyo Mzee wenu wa Lenzi mwambie nyumba imesimama, paa lipo, sisi tumo ndani, anataka alinganishe nini tena? Wewe nawe usianze kupekuapekua. Ulikuwa na tabia hiyo tangu mdogo, ukipewa andazi unalipasua kwanza uone ndani kuna nini. Chukua karatasi, gonga muhuri, lete. Basi.

Shangazi yako

16 Machi 1991

Shangazi,

Shikamoo. Nakula, mwambie Baba.

Fundi mzima, unapima watu viuno miaka arobaini, kulia na kushoto hujui? Umeweka kidole cha kulia! Mzee wa Lenzi hakuhitaji hata kukiangalia mara mbili, kasema huu ni mkono wa kulia, akairudisha. Nimekutetea kwamba uliandika barua huku unaongea na wateja. Nimekutumia fomu nyingine.

Nilipokuwa nacheka mwenyewe nikakumbuka siku ile, nadhani nilikuwa na miaka sita, nilipokuita Chiriku kwa kuwa ulikuwa hupumziki kusema tangu chai mpaka magharibi. Ulinizaba kofi. Kofi la kwanza na la mwisho maisha yangu yote. Halafu aliyeingia chumbani kulia ni wewe, mimi nikabaki nimeduwaa na shavu langu. Sikuwahi kukuuliza. Leo nakuuliza kwa barua kwa sababu mkono wako haufiki huku.

Kitabu chenye kiwanja chetu nimekiona, kiko rafu ya juu. Naandaa ngazi.

Mwanao

20 Aprili 1991

Mwanangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Binti ameolewa, gauni lilimtosha, na kama lingemkataa ningelia mimi kabla ya mama yake. Baba yako ana kikohozi kidogo. Kuku wa jirani wamerudi kwenye bustani yangu, na mwenye kuku anasema si wake, ni wa nani basi, wa serikali?

Nimeweka cha kushoto. Kimejaa matundu ya sindano, sijui mzee wako ataona nini.

Habari ya kofi iache.

Ukikishusha hicho kitabu, kaa kwanza ndipo ukifungue.

Shangazi yako

6 Mei 1991

Shangazi,

Shikamoo. Habari zangu ni nzuri, siwezi kusema ni nzuri, sijui nianzie wapi.

Nilikaa kama ulivyosema. Nilidhani ulihofia ngazi.

Kiwanja kilitolewa mwaka 1933, na aliyekitoa ni mama yake Bibi. Alimpa mjukuu wake wa kike, mwenye miaka minne, jina lake ni hilo hilo ninalokujua nalo. Kuna sharti chini yake kwa wino mwekundu: mtoto akifa kabla hajatimiza miaka kumi na minane, kiwanja kitarudi kwa ukoo wa mtoaji. Enzi zile kila mtoto mwenye kiwanja alipelekwa ofisini mara moja kwa mwaka, karani amwone kwa macho yake kwamba yu hai, kisha anawekewa kidole gumba cha kushoto kwenye kitabu. Kwa hiyo ukurasa mzima ni vidole, Shangazi. Kumi na vitano, kimoja chini ya kingine, kutoka kidogo kama punje ya maharage mpaka kidole cha mtu mzima.

Nikaazima lenzi, nikitaka tu kukuona ulivyokuwa mdogo. Nilikuwa natabasamu, wallahi.

Vidole vitatu vya kwanza, 1933, 1934, 1935, vina kovu. Mstari mweupe umekata kidole mshazari kutoka juu mpaka chini. Cha 1936 hakina. Cha 1937 hakina. Vyote kumi na viwili mpaka chini ni safi. Nikachukua fomu yako nikailaza pembeni. Wewe ni vile kumi na viwili. Vile vitatu si wewe. Nimelinganisha mara nyingi mpaka macho yakauma. Kovu la namna ile haliondoki, linakua na mtu.

Na pembeni ya mwaka 1936 karani ameandika kwa mwandiko wa haraka: “Mtoto alilia sana. Alikataa kushikwa na mama yake. Alishikwa na shahidi, mama dobi, ndipo akatulia.”

Mzee wa Lenzi aliniuliza nimeona nini, mbona nimebadilika rangi. Nikamwambia ni vumbi.

Shangazi, yule mtoto mwenye kovu yuko wapi? Na wewe ni nani? Nimeandika swali hilo nikalifuta mara mbili, na sasa nimeliacha, nisamehe.

Mwanao

17 Juni 1991

Shangazi,

Shikamoo, na kwa Baba pia.

Wiki sita. Kila gari la barua likiingia nasimama mlangoni kama mwenye mgonjwa hospitali. Kama nimekukosea, nitukane, najua unaweza, lakini niandikie. Fomu yako iko kwenye droo yangu na ufunguo uko shingoni. Sijampa mtu. Mzee ameiulizia mara mbili, na nimemdanganya mara mbili, mtu ambaye hajawahi kunifanyia lolote ila wema.

Niambie tu mko wazima.

Mwanao

1 Julai 1991

Mwanangu,

Tuko wazima. Baba yako kikohozi kimepungua.

Barua yako ilinikuta na gauni la watu kwenye mashine. Nikaisoma, nikaendelea kushona, na nilipokuja kutazama nilikuwa nimeshonea mkono wa gauni shingoni. Fundi wa miaka arobaini! Nikafunga mlango, nikawaambia wateja naumwa. Sijawahi kuwaambia naumwa hata siku niliyokuwa naumwa.

Mimi si mtoto wa nyumba hii. Haya, nimeandika, mkono haujakatika.

Mama yangu ndiye huyo dobi. Alikuwa mjane, amepanga chumba cha uani, anafulia nyumba hii na nyingine mbili. Mimi na mtoto wao tulikuwa rika moja, tunakula sahani moja, tunaoga beseni moja. Kovu la kidole alikatwa na baba yako wakichezea kisu cha jikoni, yeye alikuwa na miaka mitatu na baba yako sita. Alipofika miaka saba akashikwa na homa, ya siku mbili tu. Siku ya tatu asubuhi hayupo.

Kaka zake yule bibi mtoa kiwanja, ndio wakubwa wa ukoo, walikuwa wanakitamani tangu siku kilipotolewa. Msiba ungetangazwa, tungetolewa nje sote, wao na sisi wapangaji. Basi babu yako, mwashi yule mpole uliyekuwa unapanda mabegani mwake, akakaa na Bibi na mama yangu mchana kutwa. Jioni ikatangazwa kwamba aliyekufa ni mtoto wa dobi.

Mwanangu, watu walikuja kumpa mama yangu pole kwa kifo changu, na mimi nipo chumba cha pili, nimevalishwa gauni la marehemu, nasikia. Wanawake wanalia wanataja jina langu. Nilitaka kutoka niwaambie niko hapa. Mama aliingia akanishika mabega, akaniambia: “Usiseme. Usimtajie mtu jina lako mpaka nikwambie.” Alijua anamwambia nani. Ndiye aliyenipa lile jina la Chiriku, kwa kuwa kunyamaza kulikuwa hakujaumbwa ndani yangu. Sasa kofi lako umelielewa.

Baada ya kile kidole cha ofisini Mama hakukaa wiki. Niliamka nikakuta chumba cha uani kimefagiwa. Hajarudi kuniambia niseme. Nimesema mengine yote duniani, hilo sijasema, miaka hamsini na mitano.

Kidole cha kulia nilikuwekea makusudi. Nilitaka ujue na sikutaka ujue. Ukiitoa hiyo fomu, nyumba inaondoka na baba yako atazeeka barabarani kwa ajili yangu. Usipoitoa, Desemba inakuja. Lakini kabla ya nyumba nina swali langu moja, na usingizi wangu wote uko ndani yake. Mama alinitoa kwa nini? Bibi kila nikimuuliza alisema, “Mama yako alikuwa na shida.” Shida gani inayoisha kwa kuacha mtoto? Alipewa nini? Wewe uko kwenye vitabu. Tafuta.

Mimi

22 Julai 1991

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimekaa, nimeisoma nimesimama. Ninachojua ni kwamba aliyeniogesha, aliyenifundisha kusoma na kunifunga kamba za viatu ni wewe, na hilo halina kitabu.

Huku mvua haikatiki. Paa la chumba changu linavuja pembe zote mbili, mwenye nyumba amenipa ndoo moja, nyingine nimenunua. Jana alikuja fundi, akapanda, akashuka, akasema paa halina tatizo, tatizo ni mvua. Tumecheka mpaka basi.

Kuhusu uliloniuliza, bado natafuta. Vitabu ni vingi. Pengine hakuna kilichoandikwa.

Mwanao

5 Agosti 1991

Mwanangu,

Umeandika ukurasa mzima habari za paa. Mimi ndiye niliyekulea. Ulipokuwa unalamba sukari kabatini, nikiuliza nani kafungua kopo ulikuwa unaanza hadithi ya paka. Umeona kitu. Kiandike.

Mimi

19 Agosti 1991

Shangazi,

Shikamoo. Nimeona tangu mwezi wa Julai. Nilitaka kife na mimi, lakini umesema nikiandike.

Babu alikuwa na kiwanja cha pili, mji mwingine, safari ya siku mbili kwa basi. Hatukuwahi kukisikia, si ndiyo? Mwezi ule ule wa 1936, siku nne baada ya kidole chako cha kwanza, alikitoa. Kwenye kitabu chetu kimepigwa mstari, na pembeni imeandikwa: “Amepewa mama dobi. Sababu: makubaliano ya wenyewe. Hatua arobaini kwa thelathini.” Kidole cha Babu, kidole cha dobi. Kitabu kilichobaki na habari za kiwanja hicho kiko kwenye ofisi ya huko huko.

Nimekaa mbele ya ukurasa huo nikamkumbuka Babu akinichongea gari la mbao, nikashindwa kuwaunganisha hao watu wawili.

Mwanao

2 Septemba 1991

Basi nimeijua bei yangu. Hatua arobaini kwa thelathini. Nimeipima uani kwa miguu, nikaanzia mlango wa jikoni, nikagota ukutani kwa jirani nina hatua ishirini tu. Angalau nilikuwa mkubwa kuliko ua huu.

Nimemuuliza baba yako kwa sauti, sikio la kulia, kama alijua. Akazima redio. Kaka yangu hajazima redio tangu astaafu. Akasema alijua, alikuwa na miaka kumi, alilala kitanda kimoja na yule mwingine na asubuhi akaamshwa aondoke hapo. Akasema, “Nilizika dada mmoja nikapewa mwingine, na nikaambiwa nikilia tutakufa njaa.” Halafu akalia, mzee wa miaka sitini na mitano, akiniomba radhi mimi.

Usinitafutie tena kitu.

14 Oktoba 1991

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaidi. Soma mpaka mwisho ndipo unilaani.

Kwanza ya nyumba. Nilimkabidhi Mzee wa Lenzi fomu yako na ufunguo wa droo, nikamweleza yote, maana nilikuwa siwezi kumtazama usoni. Aliweka lenzi chini. Kisha akauliza, “Ukoo wa mtoaji leo ni nani?” Tukawafuata wale kaka wawili wa yule bibi, kitabu kwa kitabu, wiki nzima. Wote walikufa bila mtoto, viwanja vyao vimerudi serikalini, imeandikwa wazi. Aliyebaki wa damu ya mtoaji ni mmoja tu, mtoto wa binti yake. Ni Baba, Shangazi! Kiwanja mlichokificha miaka yote hiyo kisiende kwa mwenyewe, mwenyewe amekaa barazani anasikiliza redio. Ataandika Baba barua ya kukidai na kusema ukweli kuhusu dada yake. Wa kushtakiwa wote wamekufa. Mtoto wa miaka saba hashtakiwi kwa kushikwa kidole.

Sasa la pili. Niliomba ruhusa nikapanda basi, siku mbili, nikaenda kwenye ofisi ile nyingine. Ni chumba kimoja chenye meza, kabati na karani mwanamke aliyekuwa anafuma sweta. Nikamwomba kitabu cha 1936.

Kiwanja hakikuandikwa jina la dobi. Siku aliyofika tu, alikiandikisha jina la binti yake. Jina hilo haliwezi kuwa la mwingine duniani ila wewe, nami sitaliandika hapa kabla hujalisema. Lakini mbele yake karani wa siku hiyo ameongeza, “aitwaye pia Chiriku, umri miaka saba.” Nilishika meza. Yule mama wa sweta akaniletea maji.

Kisha nikafungua ukurasa wa vidole, ule wa kuthibitisha kwamba mtoto yu hai. Hauna vidole, Shangazi. Safu yote nyeupe. Ila kila mwaka kuna mstari wa karani: “Mlezi amekuja peke yake. Anasema mwenye kiwanja yu hai.” 1937, amekuja peke yake, anasema yu hai. 1938, yu hai. Ukurasa ukaisha, wakaunganisha mwingine. Ulipotimiza miaka kumi na minane sheria haikumtaka tena, akaendelea kuja. Makarani wamebadilika, mwandiko umebadilika, kalamu zimebadilika, maneno ni yale yale. Nimehesabu mistari hamsini na mitano.

Nilimuuliza yule mama, “Mstari wa mwisho ni wa lini?” Akaacha kufuma akanitazama kama nimeuliza jua linatoka wapi. “Si wa Januari hii? Nimeuandika mimi. Alikuja kwa kushikwa mkono, miguu imemchosha, lakini alikuja. Tulimwambia zamani haina haja, anasema asipokuja tutaandika mtoto amekufa, na mara moja inatosha.”

Sikwenda kwake. Nyumba nilionyeshwa, na njia yake nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Lakini anayengojewa si mimi.

Mwanao

10 Novemba 1991

Mwanangu,

Nimekulaani mpaka nilipofika kwenye lile sweta, kisha nikakubariki mpaka sauti ikakauka. Mteja aliyekuwa ananingoja nilimrudishia kitambaa chake bila hata kukikata. Baba yako ameandika barua ya kudai nyumba kwa mkono wake. Nikamwambia haya, kuanzia sasa mimi ni mgeni wako hapa. Akanijibu, “Mgeni gani anayeshika funguo zote? Nenda kamwone mama, urudi unipikie.” Akanisindikiza mpaka kituo cha basi, na redio kwapani.

Nakuandikia kutoka huku. Kiwanja ni hatua arobaini kwa thelathini, nimezihesabu. Nyumba yake ni vyumba viwili, imejibanza upande mmoja kama mtu aliyekunja miguu kwenye benchi. Upande wa pili, nusu nzima ya kiwanja, pamefagiwa na pako wazi, hapana hata kamba ya nguo. Niliyemkuta njiani aliniambia bibi huyo haruhusu mtu apande hata mchicha pale. Anasema pana mwenyewe.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda na beseni dogo, anafua leso. Amekuwa mdogo, mwanangu, ningeweza kumkunja nikamtia begani. Njia nzima ya siku mbili nilikuwa nimepanga maneno. Kwa nini hukurudi, nilitaka kuanza na hilo, na nilikuwa nimelinoa. Nikasimama mbele yake nikawa bubu. Mimi!

Akainua uso, macho yana ukungu. Akauliza, “Nani huyo kanizibia jua?”

Nikachuchumaa, nikampa mkono wa kushoto. Sijui kwa nini wa kushoto. Akaukausha kwa khanga yake, akapapasa kidole gumba, juu chini, juu chini, kama anayetafuta kovu na halipo.

Akasema, “Wenye nyumba walinambia nikirudi utafungwa wewe, kwa kuwa kidole kitabuni ni chako. Nilikuja mara mbili mpaka pembeni mwa barabara. Nikakuona unaruka kamba. Nikageuka.” Akasema tena, “Sikukuuza. Nilisema hata wakitufukuza kule, huku uwe na pako.”

Nililia kwa sauti ile ya mtoto, mpaka majirani wakachungulia. Na bado sikusema kitu. Akanishika mabega kama siku ile, vidole vyake vina sabuni, akanisogeza sikio karibu na mdomo wake.

“Sasa sema,” akaniambia.

Nikasema jina langu.

Shangazi yako,
Chiriku